Mashine Iliyokuwa Ikingoja

Mtu aweza kuketi mikono mapajani kwa sababu hataki kazi. Na mwingine aweza kuketi vivyo hivyo, mikono mapajani, kwa sababu kitu anachokihitaji ili afanye kazi hakijamfikia. Mtazamaji aliye mbali hawezi kuwatofautisha watu hawa wawili. Nilijifunza tofauti yao kwa aibu, msomaji, katika chumba kimoja cha Kiembeni mwezi wa Januari 2014. Nataka kukusimulia habari hiyo kwa sababu yamkini siku moja nawe utawekewa mashine mbele yako, ukaambiwa ueleze ni kwa nini yakwenda polepole.

Kiembeni iko bara ya kaskazini ya Mombasa. Huvuka daraja la Nyali, ukaifuata barabara ya Malindi hadi pande za Bamburi, kisha ukaingia ndani, bahari ukaipa mgongo. Hapo palikuwa na chama kidogo cha akiba na mikopo, ambacho wanachama wake walikuwa wauza samaki, madereva, waashi na walimu. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili na baraza. Katika chumba cha nyuma ilikaa seva, yaani kompyuta ambayo kazi yake ni kuzitumikia kompyuta nyingine. Na humo ndani yalihifadhiwa mahesabu yote ya chama, ya kila senti iliyowekwa na kila senti iliyokopwa. Mimi ndiye niliyeitunza seva hiyo. Nilikuwa nimeinunua, nimeifunga, na nilijiona bingwa.

Siku za mwanzo wa muhula ni siku za dhiki kwa wazazi. Karo yatakiwa, sare yatakiwa, na wakati ule mtoto aliyeingia kidato cha kwanza alitakiwa kufika shuleni na sanduku na godoro. Kwa hiyo tangu saa mbili za asubuhi wanachama walikuwa wamekwisha jipanga barazani kuomba mikopo yao ya karo. Karani wetu, msichana aliyetoka shule miaka michache iliyopita, alibonyeza jina la mwanachama, kisha akaketi. Watu wote wakaketi. Mara nyingine ukurasa ulifunguka kabla hajaondoa kidole. Mara nyingine ulikaa nusu dakika, hata dakika nzima. Mama mmoja muuza samaki, ambaye alikuwa ameacha beseni lake kwa jirani na jua likipanda, alinishika mkono nilipopita akasema, "Mwanangu, mashine yenu ina usingizi au ina hila?"

Kamati iliona kuwa jambo liko wazi. Foleni ilikuwa ndefu, karani alionekana ameketi, basi karani ni mvivu. Aliandikiwa onyo katika daftari la mikutano. Nilikuwapo siku hiyo, nami sikusema neno, kwa kuwa lawama iliyomwangukia yeye haikuniangukia mimi. Tena mwezi wa Desemba karani huyo huyo alikuwa amenijia akaniambia, "Bwana, ile mashine inapiga hodi." Alitaka kusema kuwa ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha, ikanyamaza, ikagonga tena. Nilicheka. Nilimjibu kwamba kompyuta zote hutoa sauti.

Hata hivyo malalamiko yalizidi, na ilinibidi nifanye jambo. Nilifanya lile ambalo hufanywa na watu wengi wasiopima: nilibahatisha. Nilidhani seva haina kumbukumbu ya kutosha, nikakishauri chama kitoe shilingi 12,000 kununua kumbukumbu zaidi. Nikaifunga, nikaiwasha seva, na kwa muda wa siku mbili mambo yalikwenda vizuri. Nilipongezwa. Siku ya tatu foleni ikarudi mahali pake.

Ili uelewe kwa nini dawa yangu ilifaa siku mbili tu, sharti ujue jinsi kompyuta inavyokumbuka. Ina mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni ile kumbukumbu ya umeme, iliyo ya upesi mno lakini hupotea umeme unapokatika. Pa pili ni diski, ambayo huhifadhi mambo hata gizani, bali ni ya taratibu. Diski ya aina tuliyokuwa nayo ni sahani ngumu zinazozunguka, na juu yake mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea na kuandikia. Asili yake ni ya zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ya upana wa inchi 24, nayo yote pamoja iliweza kuhifadhi herufi kama milioni 5. Simu iliyo mfukoni mwa kaka yako huhifadhi maelfu mengi ya kiasi hicho. Lakini shida ya mashine ile ya 1956 na shida ya diski yetu ya Kiembeni ilikuwa moja: mkono lazima usafiri mpaka mahali panapotakiwa, kisha ungoje sahani izunguke.

Hebu tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye siri ya jambo zima. Sahani za diski yetu zilizunguka mara 7,200 kwa dakika, ndiyo mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua milisekunde 8 na kitu. Na kwa kuwa kwa wastani hungoja nusu ya mzunguko, hungoja milisekunde 4. Mkono nao huchukua milisekunde 8 au 9 kufika. Jumla ni kama milisekunde 12 au 13. Utasema hiyo ni kufumba na kufumbua. Ni kweli kwako. Si kweli kwa kompyuta. Kumbukumbu ya umeme hujibu kwa kiasi cha sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, kwa hiyo diski ni ya polepole kwayo kama mara 120,000. Kama kuchukua jambo katika kumbukumbu kungalikuwa ni kazi ya sekunde moja, basi kulichukua katika diski kungalikuwa ni safari ya siku moja na saa tisa.

Kutokana na milisekunde hizo utaona ya kuwa diski yenye afya kamili, ikiulizwa maswali yaliyotawanyika huku na huku, hujibu kama 80 tu kwa sekunde. Ikisoma kwa mfululizo, kama mtu asomaye kitabu ukurasa baada ya ukurasa, hutoa zaidi ya herufi milioni 100 kwa sekunde moja. Bali ikitakiwa kuruka kutoka akaunti ya mama huyu hadi ya dereva yule, hupata labda herufi laki tatu tu, kwa kuwa muda wake wote huishia njiani. Ndiyo sababu muuzaji akikusifia diski kwa mwendo wake wa kusoma mfululizo, hajakudanganya, lakini hajakuambia unachohitaji kujua. Siku hizi kuna diski zisizo na sahani wala mkono, nazo hujibu kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Ni neema kubwa, lakini foleni zao hufuata kanuni ile ile nitakayoieleza.

Sasa turudi kwenye kumbukumbu niliyoiongeza. Kompyuta huweka ndani ya kumbukumbu nakala za mambo iliyoyasoma karibuni, ili isirudi tena diskini. Nilipoiongeza, nakala zikawa nyingi, na maswali yaliyofika diskini yakapungua. Lakini mkopo ukiandikwa lazima uandikwe diskini hasa. Programu ya mahesabu haikubali kusema "tayari" mpaka diski yenyewe ijibu kuwa imeandika, kwani umeme wa Kiembeni waweza kukatika wakati wowote na deni la mtu likapotea. Kumbukumbu huficha kusoma, kuandika haikufichi. Zilipoanza kutolewa idhini za mikopo kwa wingi, ugonjwa ulijitokeza upya.

Hapo ndipo nilipoanza kupima, na nitakueleza nilivyopima. Tazama watu wakichota maji. Maji yetu ya bara ya kaskazini hutoka mbali, Baricho, na yakikatika siku kadhaa kisha yakarudi, bomba moja huzungukwa na madumu ya rangi ya njano kama mayai ya kuku. Mtu akikuuliza, "Bomba hili li hali gani?" waweza kumjibu kwa namna tatu. Waweza kumwambia ni madumu mangapi yanajazwa kwa saa. Waweza kumwambia ni madumu mangapi yamepangwa. Au waweza kumwambia dumu moja lililofika sasa hivi litangoja muda gani mpaka liondoke limejaa. Majibu hayo si mamoja. Mwenye bomba hupenda la kwanza, mpita njia huliona la pili, na mwenye dumu ana haja na la tatu tu.

Tena foleni ina tabia isiyo ya kawaida. Mhandisi mmoja wa Denmark, Agner Erlang, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1909 alipokuwa akichunguza simu za mji wa Copenhagen, na hesabu iliyomea kutokana na kazi yake hutumika mpaka leo. Ikiwa madumu huja ovyo ovyo, na muda wa kujaa nao hubadilika ovyo ovyo, kwa wastani dakika moja kwa dumu, basi bomba likiwa na kazi nusu ya muda wake, mtu hukaa hapo kama dakika mbili. Likiwa na kazi kwa sehemu nane katika kumi, hukaa dakika tano. Likiwa na kazi kwa sehemu tisa katika kumi, hukaa dakika kumi. Kazi imeongezeka kidogo. Kungoja kumekuwa maradufu. Kwa hiyo diski iliyokuwa ikikidhi haja Novemba yaweza kuonekana imekufa Januari bila ya kuharibika kitu.

Nililipenda wazo hilo, kwa sababu lilikuwa la elimu na halikunilaumu. Nikasema moyoni: chama kimekua, diski imeelemewa, basi. Lakini safari hii niliapa kutosema lolote barazani kabla ya kuona tarakimu.

Nilikwenda ofisini jioni baada ya watu kuondoka, nikakaa mbele ya seva mpaka usiku. Karani alikataa kwenda zake. Alisema onyo limeandikwa kwa jina lake, na yeye ataliona mwisho wake.

Tulianza kwa tarakimu ambayo watu wengi huitazama kwanza, nayo huitwa mzigo wa mashine. Ilikuwa 9, ilhali seva ilikuwa na vichakato vinne tu vya kufanyia kazi. Mtu asiyejua angesema vichakato vimelemewa, aende akanunue vingine. Nami wiki tatu kabla ningalisema hivyo. Lakini vichakato vyenyewe vilikuwa vimekaa bure kwa sehemu kubwa ya muda. Yawezekanaje mzigo uwe mkubwa na wafanyakazi wakae bure? Sababu ni kwamba mfumo wa Linux, tangu mwaka 1993, huhesabu katika mzigo si zile programu zinazofanya kazi peke yake, bali pia zile zilizosimama zikingojea diski. Tarakimu 9 haikuwa hesabu ya wanaotenda. Ilikuwa hesabu ya wanaongoja. Nilimtazama karani, naye alikuwa ameketi mikono mapajani.

Baada ya hapo tuliwashuku washukiwa mmoja baada ya mmoja. Kwanza tulitazama kama diski imejaa, kwa maana mfumo wa faili, ambao ndio karani wa diski ajuaye kila kitu kimewekwa wapi, hupata taabu kutafuta nafasi palipobaki padogo, hata hukata faili moja vipande vipande na kuvitawanya. Nafasi ilikuwapo tele. Tukatazama daftari lake la majina, kwa kuwa mfumo wa faili waweza kuishiwa na mistari ya kuandikia majina hali nafasi bado ingaliko, hasa pakiwa na faili ndogo ndogo kwa mamilioni. Nalo lilikuwa na mistari mingi mitupu. Kisha nikakumbuka kwamba mifumo ya zamani ilikuwa na desturi ya kuandika saa ya kila faili iliposomwa, hata kusoma kukageuka kuandika; lakini Linux iliipunguza desturi hiyo mwaka 2009, na seva yetu ilikuwa mpya kuliko hapo.

Tukagundua jambo moja la kweli. Kazi ya kutengeneza nakala ya akiba, niliyoiwekea saa nane za usiku, ilikuwa haimaliziki mpaka saa nne asubuhi, ikigombea diski pamoja na wanachama. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa tayari kufunga mlango na kwenda kulala. Karani aliuliza swali dogo: "Zamani nakala hii ilikuwa ikimaliza saa ngapi?" Nikatazama katika kumbukumbu za mashine. Mwezi wa Oktoba ilikuwa ikimaliza saa tisa na nusu za usiku, na ukubwa wake haukuwa umeongezeka sana. Nakala haikuwa imeichelewesha diski. Diski ndiyo iliyokuwa imeichelewesha nakala. Naliona dalili nikaiita ugonjwa.

Kulikuwa na mshukiwa mwingine, na huyu nilimtilia maanani kwa sababu ya jambo nililokuwa nimeliona. Mwisho wa mwaka 2008 mhandisi aitwaye Brendan Gregg, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sun Microsystems, alisimama mbele ya kabati la diski, akazipigia kelele kwa sauti yake yote, na chombo cha kupimia kikaonyesha papo hapo jinsi diski zilivyochelewa kujibu. Mtikisiko huutoa mkono njiani, nao huhitaji kurudi tena. Sasa ukuta wetu wa nyuma ulipakana na mashine ya kusagia mahindi, ambayo ikiwashwa hata vikombe vya chai hucheza mezani. Nilikuwa karibu kumshitaki jirani. Ila usiku ule kinu kilikuwa kimezimwa tangu magharibi, na kungoja kulikuwa pale pale. Jirani akaachiwa huru bila ya kujua kuwa alikuwa kizuizini.

Nilibakiwa na programu iitwayo iostat, ambayo huonyesha, kwa kila diski, maswali mangapi yameletwa kwa sekunde na kila moja limekaa milisekunde ngapi mpaka kupata jibu. Seva yetu ilikuwa na diski mbili zilizounganishwa kwa namna ya kioo: linaloandikwa katika moja huandikwa na katika ya pili, ili moja ikifa nyingine ishike kazi. Mimi siku zote nilikuwa nikiutazama muungano kama kitu kimoja, nao ulisema maswali hukaa milisekunde 200 kwa wastani. Karani, ambaye alikuwa amezoea kuona mahesabu ya watu wawili yakichanganywa katika akaunti moja ya pamoja, akasema, "Zitenganishe, Bwana." Nikazitenganisha. Diski ya kwanza ilijibu kwa milisekunde 9. Ya pili, kwa 380. Na mara moja moja, tulipokuwa tukiitazama, ilikaa sekunde kadhaa bila ya kujibu kitu. Katika ukimya wa mojawapo ya nyakati hizo tulisikia: tak, tak, kama ukucha mlangoni.

Mambo yote yalijieleza. Katika muungano wa kioo, kila uandishi hungoja mpaka diski zote mbili ziseme zimeandika. Kwa hiyo diski nzima hutembea kwa mwendo wa diski mgonjwa, kama vile msafara uendavyo kwa mwendo wa punda aliye kilema. Usomaji ni bahati nasibu: swali likiangukia diski nzima, ukurasa hufunguka mara moja, likiangukia mbovu, watu hukaa. Hapo palikuwa na "usingizi au hila" ya yule mama. Na jambo hilo halikuwa limetangazwa mahali popote, kwani diski haikuwa imekufa. Ingalikufa, kioo kingaliiondoa, nasi tungalifanya kazi upesi kwa ile moja. Ubaya wake ulikuwa huu, kwamba ilikuwa hai kiasi cha kuaminiwa.

Nikafungua shajara ya diski yenyewe, maana kila diski huandika habari za afya yake. Ilikuwa na sehemu 212 ambazo imezihama kwa kuwa zimeharibika, na nyingine 61 ambazo haijaweza kuzisoma nazo zangoja hukumu. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitangaza matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ambayo uchunguzi wa uso wake umegundua kosa la kwanza ina hatari ya kufa katika siku 60 zinazofuata mara 39 kuliko isiyo na kosa. Waliona pia kwamba nyingi zilikufa bila ya kuonyesha dalili yoyote katika shajara zao, kwa hiyo shajara safi si cheti cha afya. Yetu haikuwa safi. Mistari ya kwanza ya makosa ilikuwa ya mwanzo wa Desemba, nami nilikuwa sijapata kuifungua hata siku moja.

Nataka kukuambia sehemu iliyobaki, ingawa hainipendezi. Diski za seva zimetengenezwa ili, zikishindwa kusoma sehemu fulani, zijaribu kwa sekunde chache, kiasi cha saba, kisha zikiri kushindwa, na ile ya pili katika kioo itoe jibu. Diski za kompyuta za nyumbani zina tabia nyingine. Kwa kuwa nyumbani hapana diski ya pili, zenyewe hujaribu na kujaribu tena, pengine kwa dakika nzima na zaidi, kabla ya kukubali. Hiyo ni tabia njema kwa barua na picha za mtu mmoja, na ni balaa kwa foleni ya watu sitini. Diski zile mbili zilikuwa za nyumbani. Nilikuwa nimezinunua mimi, kwa sababu zilikuwa rahisi, na fedha iliyobaki nilijisifia mbele ya kamati kuwa nimekiokolea chama.

Karani hakusema kitu. Aliandika tarakimu zile mbili, 9 na 380, katika karatasi, akaikunja akaitia mkobani.

Kesho yake jioni kamati ilikutana. Nilieleza niliyoyaeleza hapa, kwa maneno machache zaidi, na nilipofika penye habari ya diski za nyumbani sauti yangu ilikuwa ndogo. Mwenyekiti aliuliza kama shilingi 12,000 za kumbukumbu zaweza kurudishwa dukani. Nilimjibu haziwezi. Mweka hazina, mzee mmoja mwashi asiyejua kitu cha kompyuta, akauliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa hiyo ulipotuambia tununue, ulikuwa umepima nini?" Nikasema sikuwa nimepima kitu. Akatikisa kichwa taratibu, kama atikisavyo mtu aliyeonyeshwa ukuta uliojengwa bila ya timazi.

Tulinunua diski mbili za seva, na moja nililipia mimi. Kuibadilisha ile mbovu kulichukua nusu saa. Kuijaza mpya kwa kunakili kutoka ile nzima kulichukua usiku kucha, na usiku huo sikulala, kwani nzima nayo ilikuwa ya ukoo ule ule na umri ule ule, na kama ingalianguka kabla ya alfajiri pasingalikuwa na mahali pa kusoma akiba za watu ila katika nakala. Ilimaliza saa kumi na moja. Wiki iliyofuata nikaibadilisha hiyo pia. Nakala ya usiku ikarudi kumaliza saa tisa na nusu. Mzigo wa mashine ukawa chini ya 1.

Mkutano wa mwezi wa Februari ulipofunguliwa, karani aliomba daftari la mikutano lisomwe tangu Januari. Likasomwa. Lilipofika penye onyo lake, aliitoa ile karatasi mkobani, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti, akasimama akangoja. Walishauriana kwa sauti ya chini. Kisha mwenyekiti akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya maneno yale, akatia sahihi pembeni, na akaniambia nami nitie yangu.

Diski ile bado ninayo. Niliifungua siku moja kuwaonyesha vijana wa mtaani sahani zake, na mmoja wao akajitazama usoni mwake, kwa kuwa zang'aa kama kioo, akatengeneza nywele.